GPS ya kupimia, total stesheni, levo au droni: kipi kwa kazi ipi ya ardhi

Mtu anayetaka eneo lake lipimwe huwa na swali moja linalotangulia mengine yote: "Mnatumia mashine gani?" Ameshazungumza na wapima wawili au watatu. Wa kwanza atakuja na GPS na anasema atamaliza asubuhi moja. Wa pili atakuja na total stesheni na vijana wawili, anaomba siku mbili. Wa tatu atarusha droni. Bei hazifanani, na kila mmoja anasema kifaa chake ndicho sahihi zaidi. Wote watatu wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa aina yake ya kazi. Kazi ya kuchagua inabaki kwako, na ndiyo ninayotaka kukusaidia hapa.

Mimi huchagua kifaa kwa kuuliza kinahitaji kuona nini. GPS lazima ione anga. Total stesheni lazima ione prizimu, kioo cha kurudisha mwanga, iliyo kwenye pointi. Levo, kifaa cha kupimia tofauti za urefu wa wima, lazima ione stafu, yaani fimbo yenye alama za vipimo, kwa mstari uliolala sawasawa. Droni lazima ione udongo wenyewe kutoka juu. Kifaa kikizibwa macho, mara nyingi hakinyamazi. Kinaendelea kutoa namba nzuri zenye desimali tatu, na wewe uliyelipa huna namna ya kujua kwa kuzitazama tu kwamba zimepotoka.

GPS: jicho linalotazama juu

Kwanza tuitenganishe na GPS ya simu. Simu ikiwa mahali pa wazi hukosea mita kadhaa, tatu hadi tano kwa kawaida. Inatosha kukuonyesha njia ya kufika shambani, haitoshi kuonyesha mpaka wa shamba. Nimeshaona ugomvi wa majirani ulioanzishwa na mtu aliyezunguka na simu mkononi akisema mpaka "unaingia kwako".

GPS ya mpima ni vipokezi viwili. Kimoja, tunachokiita besi, kinasimama juu ya pointi ambayo mahali pake panajulikana. Kingine, rova, kiko juu ya fimbo na mpima anatembea nacho. Vyote vinasikiliza setilaiti zile zile kwa wakati ule ule. Kwa kuwa besi inajua ilipo, inajua pia mawimbi yamepotoshwa kiasi gani njiani, na inatuma masahihisho kwa rova kwa redio au intaneti. Njia hii inaitwa RTK. Katika hali nzuri kosa lake la mlalo ni kama milimita 8, na linaongezeka milimita 1 kwa kila kilomita kati ya rova na besi. Kwa urefu wa wima ni kama milimita 15 na ongezeko lile lile. Kwa hiyo besi ikiwa kilomita 10, tarajia milimita 18 mlalo na 25 wima. Mpima akikuambia atatumia kituo kilicho kilomita 40, piga hesabu hiyo hiyo.

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo GPS inapodanganya. Usahihi wa milimita unapatikana kwa kuhesabu mawimbi. Wimbi moja kuu la GPS lina urefu wa sentimita 19. Rova inaweza kupima kipande cha wimbi kwa ufasaha mkubwa, lakini ni mawimbi mangapi kamili yaliyo kati yake na setilaiti, zaidi ya kilomita 20,000 juu, hiyo inabidi ikokotoe. Ikipata jibu, skrini inaandika kwamba imefiksi. Ikipata jibu lisilo sahihi, skrini inaandika vivyo hivyo. Kosa linakuwa la makumi ya sentimita, huku kifaa kikidai milimita.

Limenikuta. Bikoni moja, yaani alama iliyosimikwa ardhini, ya mpaka ilikuwa kando ya banda la mabati, na tawi la mti limeitanda juu. Rova ilisitasita kwa muda mrefu, kisha ikafiksi na kuonyesha milimita 14. Nikahifadhi, nikaendelea. Nina desturi ya kupima kila bikoni ya mpaka mara mbili kwa nyakati tofauti, basi jioni nikarudi. Pointi ile ile, fimbo ile ile, kipovu cha kusimamishia fimbo wima kikiwa katikati, nikapata tofauti ya sentimita 41. Asubuhi mawimbi yalikuwa yanagonga mabati kwanza ndipo yanaingia kwenye kipokezi. Kama nisingerudi, ningechora mpaka unaomega upande wa mtu kwa karibu nusu mita, tena nikaweka sahihi yangu. Siku iliyofuata niliweka pointi mbili mahali pa wazi, nikaipima bikoni ile kwa total stesheni kutoka zote mbili.

Kwa hiyo GPS ichague pale anga lilipo wazi, na umdai mpima mambo mawili. Kila pointi ya mpaka ipimwe mara mbili, zikipishana nusu saa au zaidi ili setilaiti ziwe zimehama, na rova ianze kuhesabu upya kati ya vipimo hivyo. Pili, kabla ya kazi na baada ya kazi apime pointi nyingine inayojulikana, mbali na besi, aandike imetofautiana kiasi gani. Vipokezi vya siku hizi vinasikiliza GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Uchina kwa pamoja, na hilo limesaidia sana. Bado halijaondoa paa la bati.

Total stesheni: jicho linalotazama mbele

Hiki ndicho kile kifaa kilichokaa juu ya tripodi, mtu mmoja amekiinamia na mwingine mbele ameshika fimbo yenye kioo. Kinapima pembe na kinapima umbali, basi. Mengine yote ni hesabu. Anga likizibwa hakijali. Ndani ya jengo, chini ya daraja, katikati ya majumba marefu, kinafanya kazi. Kinachotaka ni njia ya kuona.

Sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Watu wa kale wa kazi hii walilipia njia ya kuona kwa jasho. William Lambton, aliyeanza upimaji mkuu wa India mwaka 1802, alipofika tambarare za kusini zisizo na vilima alikuwa akipandisha theodolaiti yake, kifaa cha kupimia pembe, yenye uzito wa karibu nusu tani, juu ya minara ya mahekalu. Mwaka 1808 huko Thanjavur kamba ilikatika, theodolaiti ikagonga ukuta na duara lake la pembe likapinda. Aliinyoosha mwenyewe kwa wiki kadhaa. Leo kifaa kinabebwa begani, lakini mpima anayefyeka mstari wa kuona kwenye kichaka kwa nusu siku anafanya jambo lile lile, na siku zile mbili alizoomba kwenye makadirio yake zinaishia humo.

Kuhusu namba: kifaa cha sekunde 1 ya pembe (digrii moja ina sekunde 3,600) kinakosea kama milimita 1 kwa umbali wa mita 200, cha sekunde 5 kinakosea kama milimita 5. Umbali hupimwa kwa kosa la milimita 2 na sehemu ndogo inayoongezeka kwa kilomita. Ukilinganisha na GPS, kwa umbali mfupi total stesheni inashinda waziwazi. Kati ya pointi mbili zilizo mita 30 kutoka moja hadi nyingine, GPS inaleta makosa yake mawili, moja kila upande, wakati total stesheni ikitunzwa inakupa milimita mbili tatu. Kwa kilomita tano, mambo yanageuka: GPS haijali kilima kilicho katikati, total stesheni inabidi ihamishwe kituo baada ya kituo, na kila kituo kinaongeza kosa lake.

Kosa lake kubwa linatoka mikononi mwa mtu. Tuseme mpima ameweka kifaa, anajielekeza kwa kutazama nyuma pointi iliyo mita 20 tu, na prizimu haikusimama juu ya pointi hiyo sawasawa, imekosea milimita 5. Hiyo ni karibu sekunde 52 za pembe. Akigeuka na kupima kona iliyo mita 200 mbele, kona hiyo imesogea sentimita 5. Kifaa cha bei kubwa hakiwezi kumsaidia. Ndiyo maana mpima mzuri hutafuta pointi ya nyuma iliyo mbali kuliko anazotaka kupima mbele, na utamwona akiangalia timazi au nukta ya leza mara mbili kabla ya kugusa kitufe chochote.

Kuna jingine la kimyakimya: kila prizimu ina namba yake ya masahihisho, na prizimu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana milimita 30. Mpima akiazima prizimu na kusahau kubadilisha namba hiyo, kila umbali unakosea kwa kiasi kile kile. Ubaya ni kwamba travasi yake, yaani mfululizo wa vipimo kutoka kituo hadi kituo, ikizunguka na kurudi ilikoanza, ikiwa pande zake zinakaribiana urefu, itafunga vizuri. Karatasi itaonyesha kazi safi. Tepu ya chuma ikinyooshwa kwenye upande mmoja mfupi itaonyesha ukweli ndani ya dakika moja. Napenda kumwona mpima aliye na tepu mfukoni.

Viwili hivi vikiwekwa kando kwa kando

Shamba kubwa la wazi, kona zikiwa mbalimbali: GPS. Hakuna ubishi. Kazi ya total stesheni ya siku mbili inaisha kabla ya jua kuwa kali, na usahihi wa sentimita mbili unatosha kwa kona ya shamba.

Kiwanja kidogo kati ya majengo, ukuta wa jirani umegusa ukuta wako: total stesheni. Hapa sentimita mbili ni unene wa lipu na zaidi, na watu hupelekana mahakamani kwa unene wa lipu. GPS ina kazi moja tu hapa, kuweka pointi mbili au tatu za kuanzia mahali pa wazi, labda barabarani, zenye kuonana.

Eneo lenye miti mikubwa linawapa watu shida kuchagua kwa sababu vifaa vyote viwili vinateseka. GPS haioni anga, total stesheni haioni mbele. Ninachofanya ni kutafuta uwazi pembezoni, naweka jozi za pointi kwa GPS, kila jozi zikionana, kisha naingia ndani kwa travasi ya total stesheni kutoka jozi moja na kutokea kwenye jozi nyingine. Nikifika upande wa pili, tofauti kati ya pale nilipofika kwa hesabu na pale GPS iliposema ndiyo kipimo cha uaminifu wa kazi yangu. Mpima akikuambia atapita msituni na rova peke yake, muulize hiyo tofauti ataipata wapi.

Halafu kuna ramani za zamani. Nyingi zilichorwa kwa mfumo wa viwianishi, yaani namba za kuonyesha mahali pointi ilipo, usio ule wa GPS, na kati ya mfumo na mfumo pointi ile ile inaweza kupishana hata kwa mamia ya mita. Total stesheni ikianzia kwenye bikoni mbili za zamani inaingia moja kwa moja kwenye mfumo wa ramani hiyo. GPS inahitaji mpima apime kwanza bikoni kadhaa za zamani, akokotoe tofauti, ndipo atafute ile iliyopotea. Asiyefanya hivyo atachimba mahali ambapo hakuna kitu.

Urefu wa wima: usiidharau levo

Levo ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja, hakina skrini ya kupendeza, na kwa maji hakuna kinachokishinda. Chukua bomba la maji taka lenye mteremko wa 1 kwa 200. Kwa mita 10 linashuka sentimita 5. RTK ikikosea sentimita 2 kila mwisho, katika hali mbaya umepoteza sentimita 4 kati ya zile 5, na maji yatasimama. Levo kwa mita hizo hizo 10 inakosea milimita moja au mbili. Ukijenga, ukichimba mtaro, ukipanga sakafu, dai levo, au angalau total stesheni kwa umbali mfupi.

GPS ina tatizo jingine la urefu ambalo wateja hawaambiwi. Inapima urefu juu ya umbo la hesabu la dunia, si juu ya usawa wa bahari ambao maji yanaufuata. Tofauti kati ya viwili hivyo inabadilika kutoka mahali hadi mahali: kusini mwa India ni kama mita 106 chini, karibu na New Guinea ni kama mita 85 juu. Kwenye eneo pana, namba za GPS ambazo hazijasahihishwa zinaweza kukuonyesha maji yakipanda mlima. Swali fupi la kumuuliza mpima: "Urefu huu umeuanzia kwenye alama gani?" Jibu lake liwe alama ya urefu unayoweza kwenda kuishika kwa mkono.

Levo yenyewe ina masharti mawili. Stafu ya nyuma na ya mbele ziwe umbali sawa kutoka kwenye kifaa, maana hapo kosa la mstari wa kuona linajifuta lenyewe. Na mpima arudi alikoanza. Kipimo kimoja kinachotumika sana kinaruhusu milimita 12 zikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha kilomita alizotembea: kwa kilomita 4, asikosee zaidi ya milimita 24.

Droni: jicho linalotazama chini

Droni inapendeza, na mteja akiiona picha yake moyo unalainika. Ikipaa mita 100 kwa kamera nzuri ya kawaida, nukta moja ya picha inafunika sentimita 2 hadi 3 za ardhi. Kazi ikifanywa vizuri, kosa la mlalo ni nukta moja au mbili, la wima mbili au tatu. Kwa kukadiria ujazo wa kifusi, kuchora barabara zilizopo, mabonde, mapaa na mitaro kwenye makumi ya hekta, hakuna kifaa kati ya vile vingine kinachoikaribia kwa haraka.

Ila kamera haipimi isichokiona. Mahali penye nyasi za kiunoni inapima ncha za nyasi na kukupa mlima usiokuwepo. Droni yenye leza inapitisha baadhi ya miale kati ya majani hadi chini, nayo ni kazi nyingine na bei nyingine. Na ikikosa alama za ardhini zilizopimwa kwa GPS au total stesheni, uwanda ulio sawa unaweza kutoka umevimba katikati kama mgongo wa kobe. Alama hizo zitawanywe pembeni na katikati, na chache ziachwe nje ya hesabu, zitumike kukagua tu. Mpima akikuonyesha ripoti ambayo alama zote zimetumika kwenye hesabu, amejisahihishia mtihani wake mwenyewe.

Kwa mpaka, droni ni ya kuonyesha mazingira. Bikoni nyingi ziko chini ya udongo au majani, na picha ya ua haisemi kama ua ulipandwa mahali pake.

Mpaka hauko ndani ya kifaa

Hili ndilo linalonigusa kuliko yote, kwa sababu ndipo watu wanapoumizwa. Katika mifumo mingi ya sheria, bikoni ya asili iliyowekwa ardhini na ambayo haijasogezwa ina nguvu kuliko umbali ulioandikwa kwenye ramani, na umbali una nguvu kuliko ukubwa wa eneo. Mpima anayefika, anaingiza viwianishi kwenye rova, anachomeka vigingi pale kifaa kilipolia na kuondoka, hajakupimia mpaka. Amekupelekea namba kutembea.

Anayejua kazi anatumia rova kumfikisha karibu, kisha anashika jembe. Nakumbuka kona moja iliyolimwa miaka mingi. Rova ilitufikisha, juu hapakuwa na kitu. Tulichimba taratibu kwa tabaka, na kwenye kina cha sentimita 30 hivi udongo ukaanza kuwa na wekundu wa kutu, duara dogo kama kifuniko cha chupa. Chini yake kidogo tukakuta kipande cha nondo ndani ya saruji iliyomomonyoka. Kilikuwa sentimita 17 kutoka pale rova iliposema. Mpaka ni pale kwenye nondo, na majirani wote wawili walikuwa wamesimama pale juu ya shimo wakiiona kwa macho yao. Mzee mmoja akasema baba yake alimwonyesha jiwe hilo akiwa mtoto. Maneno yake niliyaandika kwenye kitabu changu cha uwandani pamoja na vipimo.

Basi ukiwa na makadirio mawili mezani, bei zikiwa tofauti, angalia aliyeandika kwamba atatafuta bikoni za zamani, atapima pia zile za majirani, na atawaita majirani siku ya kazi. Angalia kama ameandika atakagua vipi, siyo kifaa gani tu. Mwombe akuonyeshe cheti cha ukaguzi wa kifaa chake na tarehe yake, na uhakikishe jina lake limo kwenye orodha ya wapima walioidhinishwa. Siku ya kukabidhiwa, omba zaidi ya ramani: omba orodha ya viwianishi ikiwa na jina la mfumo uliotumika, vipimo vya mara ya kwanza na ya pili vya kila kona, na maelezo ya kila bikoni, ipi imekutwa, ipi imepotea, ipi imewekwa upya. Kisha kabla hajafunga vifaa vyake, tembea naye kona hadi kona, uweke mkono wako juu ya kila bikoni.